Mstafeli maabarani: mwongozo kamili wa kupima mmea dhidi ya seli za saratani

Kama una simu na ndugu pwani, ule ujumbe umeshakufikia: chemsha majani ya mstafeli, kunywa kutwa mara mbili, saratani itaisha. Anayeutuma mara nyingi ana mgonjwa anayempenda na hana kingine cha kumpa. Na ujumbe wenyewe una chembe ya kweli ndani yake. Dondoo la majani ya mstafeli, *Annona muricata*, yaani kemikali zilizotolewa kwenye majani kwa kuyaloweka au kuyachemsha, huua seli za saratani kwenye sahani ya maabara, na jambo hilo limeonekana katika maabara nyingi duniani. Lakini jiki nayo huua seli za saratani kwenye sahani. Kuna safari ndefu kutoka kuua seli kwenye plastiki hadi kumtibu mtu, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuianza bila kujidanganya.

Nawaandikia wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili, mafundi wa maabara, na mwalimu yeyote anayesimamia mradi wa namna hii kwa vifaa vichache. Mstafeli ndio mfano wetu toka mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha mmea, hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuchuma jani

"Je, mstafeli unatibu saratani?" si swali la maabara. Sahani haina ini, haina figo, haina mtu. Swali la maabara ni dogo na lina mipaka: dondoo gani, la sehemu gani ya mmea, linazuia seli gani, kwa kipimo gani, na linaziachaje seli zisizo za saratani?

Soma kwanza waliotangulia. Kemikali zinazotuhusu hapa huitwa asetojenini, na hupatikana katika ukoo wa mistafeli na mitopetope. Ya kwanza kutambuliwa, uvarisini, ilitolewa mwaka 1982 kwenye mizizi ya *Uvaria acuminata*, mmea unaoota pwani yetu hii hii. Tangu hapo asetojenini mamia zimetenganishwa. Inajulikana pia zinavyofanya kazi: huziba mlango wa kwanza wa mnyororo wa nishati ndani ya mitochondria, vinu vya nishati vya seli, ule uitwao kompleksi ya kwanza. Kwa hiyo kuandika tasnifu nzima kuthibitisha kwamba dondoo la ethanoli la mstafeli huua seli ni kurudia kazi ya watu.

Swali ambalo ningempa mwanafunzi wangu ni hili: je, chai ambayo watu wanakunywa kweli ina kile kinachoonekana kwenye dondoo la ethanoli? Asetojenini ni kama mafuta, haziyeyuki vizuri kwenye maji. Huenda jamii inanywa kitu kimoja huku makala za kisayansi zikisifu kingine. Swali hilo linatugusa, linapimika kwa bajeti ndogo, na jibu lake lina manufaa likiwa ndiyo au hapana.

Hata hivyo acha macho wazi kwa usichokitarajia. Mwaka 1952 daktari Clark Noble wa Kanada alipokea majani ya *Catharanthus roseus* kutoka Jamaika, ambako yalichemshwa kuwa chai ya kisukari, akampa nduguye Robert Noble, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Sukari ya panya haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya sana. Robert Noble na Charles Beer walifuata dalili hiyo mpaka wakapata vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958. Vinkristini ilifuata kutoka mmea huo huo, ambao asili yake ni Madagaska. Watoto wengi wa Uganda wenye limfoma ya Burkitt wametibiwa kwa mchanganyiko wa dawa wenye vinkristini. Laiti Noble angeandika tu "haikushusha sukari" na kufunga daftari!

Hatua ya 2: Vibali

Usianze bila karatasi. Tanzania, ulizia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa kibali cha utafiti na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa maadili pale binadamu au sampuli zao zinapohusika. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi, kwa leseni ya utafiti na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kibali cha kutumia rasilimali za kijenetiki. Ukiongozwa na mganga au wazee wa kijiji, makubaliano ya kugawana manufaa yaandikwe kabla ya kuchuma, yakieleza nani atatajwa na nini kitarudi kijijini. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Oktoba 2014, imesimama juu ya jambo hilo. Likiachwa hadi dawa ipatikane, mwenye maarifa huwa ameshasahaulika.

Hatua ya 3: Kuchuma na kuutambua mmea

Chuma majani yaliyokomaa kutoka miti kadhaa, si mmoja. Andika tarehe, mahali kwa GPS, hali ya hewa, na sehemu ya mti ulikochuma. Kata tawi lenye maua au matunda, likandamize na kulikausha, kisha lipeleke kwenye hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, lipewe namba: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki ndani ya Makumbusho ya Taifa. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha mmea wako. Bila namba, miaka kumi ijayo hakuna atakayejua ulipima nini.

Hili lina uzito wa pekee kwa mstafeli, kwa sababu jirani zake wanafanana naye kikemia. Mtopetope na mtopetope mwitu ni wa jenasi hiyo hiyo ya *Annona*, nao wana asetojenini. Ukichanganya majani, kipimo hakitakuonya. Kitakupa namba nzuri ya mmea usio wako. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue unga uliokwisha sagwa sokoni.

Hatua ya 4: Madondoo mawili

Kausha majani kivulini penye hewa, yakigeuzwa kila siku, mpaka yavunjike ukiyafinya. Jua kali huharibu baadhi ya kemikali, na majani yanayokauka polepole huota ukungu wenye sumu zake. Saga, pima uzito, hifadhi kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga.

Kwa dondoo la ethanoli, loweka gramu 500 za unga kwenye lita 5 za ethanoli ya asilimia 95 kwa saa 72, ukikoroga mara kwa mara. Chuja, rudia na ethanoli mpya, unganisha vimiminika, kisha vukiza kwa rotavapu, mashine inayoondoa kiyeyushi kwa joto dogo, maji ya beseni yasizidi nyuzi 40. Utabaki na kitu cha kijani kizito, chenye kunata.

Kwa dondoo la chai, fanya kama nyumbani, ila kwa vipimo: gramu 50 za unga, mililita 500 za maji, chemsha dakika 15, chuja, kausha kwa mashine ya kukaushia kwenye baridi. Usijaribu kuyakausha maji hayo kwa moto, utapika upya kilichomo.

Piga hesabu ya mavuno: uzito wa dondoo gawa kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100. Ukipata gramu 45 kutoka gramu 500, mavuno ni asilimia 9. Namba hii itakusaidia baadaye kueleza matokeo kwa gramu za jani, maana mnywaji wa chai hapimi mikrogramu za dondoo.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka: tengeneza dondoo la tatu lisilo na jani. Pitisha ethanoli tupu katika vyombo vile vile, karatasi ile ile, rotavapu ile ile, na uhifadhi mabaki yake. Plastiki na vihifadhi vya viyeyushi huacha masalia yanayoweza kuua seli. Kama hilo tupu nalo linaua, tatizo liko kwenye vyombo vyako.

Yote yakae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani, yakiwa na lebo ya namba ya hebaria.

Hatua ya 5: Seli

Tuchukue HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi, moja ya saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki. Zilitoka kwa Henrietta Lacks, aliyetibiwa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951, hakuombwa ruhusa. Mtaje kwa jina lake unapowafundisha wengine. Seli zake zina jeni za kirusi cha HPV aina ya 18, kwa hiyo hufanyiwa kazi ndani ya kabati la usalama la daraja la pili, kwa glovu, na taka zake huuliwa kwa mvuke au jiki kabla ya kutupwa.

Za kulinganishia, maabara nyingi za kwetu hutumia Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili mwaka 1962. Zinafaa kwa kuanzia, ila si seli za kawaida hasa: zinagawanyika bila kikomo na wala si za binadamu. Ukiweza kupata fibroblasti za ngozi ya binadamu, ziongeze.

Seli zitoke kwenye benki inayotambulika, zikiwa na uthibitisho wa DNA. Toka mwaka 1966, Stanley Gartler alipoonyesha kwamba seli nyingi zilizodhaniwa za aina tofauti zilikuwa HeLa zilizovamia chupa za wengine, hakuna udhuru wa kupokea kichupa kwa rafiki na kuamini lebo. Pima pia maikoplazma kila mwezi. Bakteria huyu mdogo haonekani kwa hadubini ya kawaida, wala hachafui rangi ya lishe, yaani kimiminika cha kuoteshea seli, lakini hubadilisha umetaboli wa seli na kuharibu kila kipimo kinachoutegemea.

Otesha seli kwenye lishe ya DMEM yenye asilimia 10 ya seramu ya kijusi cha ng'ombe, nyuzi 37, hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Umeme ukikatika usifungue inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli. Huhifadhi joto muda mrefu kuliko unavyodhani. Lakini jaribio lililopitia kukatika kwa umeme kwa saa nyingi lifutwe lianzwe upya, hata kama visima vinaonekana vizuri.

Hatua ya 6: Sahani ya visima 96

Tutatumia kipimo cha MTT, kilichoelezwa na Tim Mosmann mwaka 1983. MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Zambarau nyingi, seli hai nyingi. Angalau ndivyo inavyofundishwa. Tutarudi hapo.

*Siku ya kwanza.* Hesabu seli kwa hemositometa, kioo chenye miraba ya kuhesabia, na trypan blue, rangi inayoziingia seli zilizokufa na kuziacha zilizo hai. Tuseme wastani wa miraba minne ya pembeni ni seli 50, nawe ulichanganya seli na rangi nusu kwa nusu: 50 × 2 × 10,000 ni seli 1,000,000 kwa mililita. Unataka seli 5,000 kwenye kila kisima, ndani ya mikrolita 100, yaani seli 50,000 kwa mililita. Ukitengeneza mililita 8, unahitaji seli 400,000: mililita 0.4 za seli zako na 7.6 za lishe. Tumia visima 60 vya katikati tu. Vya ukingoni hupoteza maji haraka na kutoa namba za uongo. Vijaze maji ya fosfeti, maji ya chumvi yasiyodhuru seli, na uviache. Acha seli zishike usiku mzima.

*Siku ya pili.* Tengeneza mmumunyo mama wa kila dondoo, miligramu 50 kwa mililita ya DMSO, kiyeyushi cha kimaabara. Punguza mara tatu tatu ndani ya DMSO yenyewe hadi upate viwango sita, kisha chukua mikrolita 2 za kila kiwango uweke kwenye lishe ifikie mililita 1. Utapata 100, 33.3, 11.1, 3.7, 1.2 na 0.4 mikrogramu kwa mililita, na kila kisima kitakuwa na DMSO asilimia 0.2 ile ile. Ukipunguza kwa lishe badala ya DMSO, kisima cha juu kitakuwa na DMSO nyingi kuliko cha chini, na hutajua kipi kimeua. Dondoo la chai huenda likagoma kwenye DMSO. Liyeyushe kwenye maji safi, lipitishe kwenye chujio la mikromita 0.22, na uliongezee DMSO ile ile ili ulinganisho uwe wa haki.

Ondoa lishe ya zamani, weka mikrolita 100 za lishe yenye dondoo. Kila kiwango kipate visima vitatu. Kisha visima vya kulinganishia, na hapa usibane matumizi: seli na lishe tupu, seli na DMSO asilimia 0.2, seli na mabaki ya dondoo lisilo na jani, seli na doksorubisini, dawa inayojulikana kuua, lishe bila seli, na dondoo kwenye lishe bila seli, kwa kila kiwango. Ndiyo, vinakula sahani. Bila hivyo namba zako hazina mahali pa kusimama.

Kabla ya kurudisha sahani, iangalie kwa hadubini. Ukiona chembechembe zinazoelea, dondoo limeganda kwenye lishe, na kipimo ulichoandika si kipimo ambacho seli zimepata.

*Baada ya saa 48 au 72.* Chagua muda mmoja na ubaki nao. Saa 72 ni nzuri kwa kinachozuia kugawanyika polepole. Angalia tena kwa hadubini na piga picha. Ongeza mikrolita 10 za MTT ya miligramu 5 kwa mililita, subiri saa 3, toa lishe taratibu bila kugusa fuwele, weka mikrolita 100 za DMSO, tikisa dakika 10, soma kwenye nanomita 570. Wengi hutoa usomaji wa pili wa 630 au 690 kusafisha namba, lakini klorofili ya majani hufyonza mwanga karibu na 660, kwa hiyo visima vya dondoo bila seli ndivyo vikuongoze. MTT na doksorubisini zote zina hatari kwa anayezishika, glovu zisivuliwe.

Hatua ya 7: Kutoka rangi hadi namba

Uhai wa seli kwa asilimia ni (usomaji wa kisima toa usomaji usio na seli) gawa kwa (usomaji wa DMSO toa usomaji usio na seli), zidisha kwa 100. Kama kisima kina 0.48, cha DMSO kina 1.08 na kisicho na seli 0.08, uhai ni 0.40 ÷ 1.00, asilimia 40.

Chora mkunjo, tafuta kipimo kinachofikisha asilimia 50: hiyo ndiyo IC50. Programu ya R ni ya bure, na kifurushi chake cha drc hufanya kazi hii vizuri. Kama seli hazikufika nusu hata kwenye 100, andika "zaidi ya 100" na uishie hapo. Usirefushe mkunjo kwa kubahatisha.

Rudia jaribio zima siku tatu tofauti, kwa seli zilizohamishwa upya. Visima vitatu vya sahani moja vinapima mkono wako na pipeti; siku tatu ndizo zinapima mmea. Kwenye ripoti, n, yaani idadi ya majaribio, ni 3, si 9.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani imezoeleka kutumia mpaka wa IC50 chini ya mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita kwa dondoo ghafi, na chini ya 4 kwa kemikali safi. Ukikuta makala inashangilia IC50 ya 250, pita. Kemikali yenye uzito wa molekuli 400, ikiwa mikrogramu 100 kwa mililita, ni mikromola 250: kiasi ambacho ni nadra sana damu ya mgonjwa kukibeba salama.

Kisha kielezo cha uteuzi: IC50 ya Vero gawa kwa IC50 ya HeLa. Tuseme 15 kwa 12, unapata 1.25. Dondoo hilo ni sumu kwa wote. Watafiti wengi hutaka angalau 2 au 3 ili kuendelea. Na hata 3 ihojiwe: kama HeLa zilikuwa zinagawanyika haraka kuliko Vero siku ile, unaweza kuwa umepima kasi ya kukua tu.

Hatua ya 8: Mahali MTT inapodanganya

Hapa ndipo utafiti mwingi wa mimea huanguka, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako.

Uongo wa kwanza ni wa kuficha. Majani yana polifenoli, kundi la kemikali za mimea, na polifenoli nyingi huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli hata moja. Kisima chenye seli zilizokufa kinaweza kung'aa zambarau, ukaandika "haina madhara". Chai ya mstafeli, yenye polifenoli tele, iko hatarini zaidi. Visima vya dondoo bila seli huonyesha jambo hili mara moja. Kuziosha seli kwa maji ya fosfeti kabla ya kuweka MTT husaidia pia.

Uongo wa pili ni kinyume chake, na ni wa mstafeli hasa. Kugeuka kwa MTT hutegemea vimeng'enya vinavyotumia nishati ya seli. Asetojenini hushambulia chanzo chenyewe cha nishati hiyo. Rangi inaweza kufifia kwa sababu umetaboli umedorora, wakati seli zingali zimeshika kisima, zima. Ukitangaza "asilimia 70 zimekufa" kwa kutazama rangi tu, umesema usichokiona.

Uongo wa tatu uko kwenye lishe. DMEM ya kawaida ya maabara ina gramu 4.5 za glukosi kwa lita. Damu ya mtu ambaye hajala ina kama gramu 1. Seli zenye sukari tele huweza kuishi bila kutegemea sana mitochondria, kwa hiyo sumu ya mitochondria huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Rudia jaribio moja kwenye lishe yenye galaktosi, sukari inayozilazimisha seli kutegemea mitochondria, badala ya glukosi. IC50 ikishuka ghafla, una dalili nzuri kwamba kinachofanya kazi kinapiga mitochondria.

Dawa ya uongo huu wote ni kipimo cha pili kisichotegemea umetaboli. Sulforodamini B, inayopaka protini za seli zilizobaki kwenye kisima, ni rahisi, nafuu, na ndiyo iliyotumika miaka mingi kwenye upimaji wa aina 60 za seli za saratani wa taasisi ya saratani ya Marekani. Kuhesabu seli kwa trypan blue ni nafuu zaidi. Vipimo viwili vikikubaliana, songa. Vikipingana, tafuta kwa nini kabla ya kuandika lolote.

Tanini, kemikali za mimea zinazokausha ulimi, nazo hushikana na protini yoyote zinayokutana nayo na kuua bila kuchagua. Ikiwa dondoo lako lina tanini nyingi, lipitishe kwenye safu ya poliamidi, bomba lililojazwa unga unaozinasa, kisha upime upya. Mimea mingi huishia hapo.

Kama maabara haina inkubeta, kipimo cha uduvi wa *Artemia*, kilichochapishwa mwaka 1982, kinaweza kukuongoza. Mayai huanguliwa kwenye maji ya chumvi, na waliokufa huhesabiwa baada ya saa 24. Ni kipimo halali cha sumu. Usikiite kipimo cha saratani.

Hatua ya 9: Kutenganisha

Dondoo lililofaulu lina mamia ya kemikali. Ligawe, pima kila sehemu, fuata ile inayoua, ligawe tena.

Yeyusha dondoo la ethanoli kwenye methanoli ya asilimia 90 na maji asilimia 10, kisha litikise na heksani. Mafuta na klorofili nyingi huenda kwenye heksani; asetojenini hubaki upande wa methanoli. Inayofuata ni safu ya silika, ukianza na heksani na kuongeza ethili asetati kidogo kidogo. Fuatilia kwa kromatografia ya sahani nyembamba. Asetojenini hazionekani vizuri chini ya taa ya UV, kwa hiyo wengi huzitupa wakidhani bomba ni tupu. Kitendanishi cha Kedde huzionyesha kwa rangi ya waridi. Utambuzi wa mwisho unahitaji NMR na spektrometa ya masi, mashine za kusoma muundo na uzito wa molekuli, mara nyingi kwa kushirikiana na chuo kingine.

Kila hatua weka hesabu mbili: uzito ulioingia na uliotoka, na nguvu iliyoingia na iliyotoka. Nguvu ikipotea, huenda kemikali imeoza, imekwama kwenye silika, au ilikuwa inahitaji mwenzake. Unganisha sehemu zote na upime, utajua.

Uwe tayari kwa udogo wa mavuno. Monroe Wall na Mansukh Wani, huko North Carolina, walipata nusu gramu tu ya paklitakseli, ambayo leo ni dawa ya saratani, kutoka kilo 12 za gome la *Taxus brevifolia*.

Hatua ya 10: Baada ya sahani

Ukishapata kemikali safi, uliza seli zinakufaje: kipimo cha aneksini V kwa kifo kilichopangwa, kaspasi ambazo ni vimeng'enya vya kifo hicho, na mzunguko wa mgawanyiko. Kisha mabonge ya seli ya pande tatu, kisha wanyama, kwa idhini ya kamati ya wanyama. Gome la paklitakseli lilikusanywa mwaka 1962, muundo ukachapishwa 1971, Susan Horwitz akaeleza inavyofanya kazi 1979, na idhini ya Marekani kwa saratani ya ovari ikaja Desemba 1992. Miaka thelathini, na hiyo ndiyo iliyofaulu.

Kwa mstafeli kuna kizuizi kinachojulikana. Mwaka 1999 madaktari wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, waliripoti wagonjwa wengi wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson usioitikia dawa za kawaida, wengi wao wakiwa watumiaji wa muda mrefu wa matunda na chai ya mimea ya *Annona*. Baadaye panya waliotiwa anonasini, asetojenini kuu ya mstafeli, waliharibika seli za ubongo. Uhusiano kwa binadamu bado unajadiliwa, lakini neva hutegemea sana mitochondria, na tumeona asetojenini inapiga wapi. Kwa hiyo ongeza seli za neva kwenye sahani yako mapema. SH-SY5Y hupatikana kwenye benki za seli na huota kwa urahisi.

Hatua ya 11: Je, mmea utatosha?

Mwaka 1972 Morris Kupchan alitangaza maitansini, kutoka mmea wa jenasi ya *Maytenus* uliokusanywa Ethiopia. Ilikuwa na nguvu ya kutisha. Ili kupata ya kutosha, wakusanyaji waliotumwa na taasisi ya saratani ya Marekani walikwenda Shimba Hills, karibu na Kwale, wakakata zaidi ya tani 27 za *Maytenus buchananii*. Waliporudi miaka michache baadaye kutaka zaidi, mimea ilikuwa haijarudi vya kutosha. Na maitansini ilishindwa kwa wagonjwa: sumu yake ilikuwa kubwa mno.

Baadaye ikajulikana kwamba bakteria wa udongo, *Actinosynnema pretiosum*, hutengeneza ndugu zake kwenye matangi. Kemikali iliyotokana nayo ikafungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani ya titi zenye protini ya HER2, na mwaka 2013 dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, ikaidhinishwa Marekani. Dawa ikapatikana, lakini msitu wa Kwale ulikuwa umeshalipa. Ndiyo maana pima majani kabla ya mizizi, matawi kabla ya gome, na andika kwenye pendekezo lako la utafiti kilo ngapi unahitaji na zitatoka wapi.

Hatua ya 12: Kuandika na kusema

Toa IC50 pamoja na upana wa makosa, namba ya hebaria, mavuno, asilimia ya DMSO, chanzo cha seli, tarehe ya kipimo cha maikoplazma, na namba za visima vyote vya kulinganishia. Chapisha hata kama chai haikufanya kitu. Usiandike "inatibu", andika "ilizuia ukuaji wa seli za HeLa kwa kipimo hiki".

Mwandishi wa habari akipiga simu, mpe sentensi hiyo hiyo. Na siku ndugu ya mgonjwa atakapokuja maabara akiomba kichupa, usimpe. Mwombe aandike jina la kila jani mgonjwa analotumia na kiasi chake kwa siku, aipeleke karatasi hiyo kliniki, iwe Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali anakotibiwa. Baadhi ya mimea hubadilisha jinsi ini linavyosaga dawa za saratani, na daktari anayepanga vinkristini au paklitakseli anahitaji kulijua hilo kabla ya kuweka dripu.